Kupima Nyumba za Ngamiani

Tanga imegawanywa na reli. Upande wa baharini kuna bandari, benki, ofisi za serikali na majengo ya Wajerumani yenye kuta nene na madirisha marefu. Ukiivuka reli ukaingia Ngamiani, mji unashuka chini kwa kimo. Nyumba zinakuwa za bati na baraza, na barabara hazina majina ya watu, zina namba: Barabara ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, mpaka unapita ya Ishirini. Mtu wa Tanga akikuelekeza kwake anasema tu, "Barabara ya Kumi na Mbili, uliza kwa fulani," na ukifika ukauliza, mtoto anaacha mchezo wake anakupeleka hadi mlangoni.

Nilikwenda huko kufuatana na wanafunzi wawili wa uzamili waliokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Mmoja ni binti wa Kigoma anayesomea usimamizi wa urithi wa utamaduni. Mwenzake ni kijana wa usanifu majengo aliyekulia Morogoro. Kazi yao ilikuwa kuandika habari za nyumba za zamani za Ngamiani: kuzipima, kuzichora, kuzipiga picha, na kuwauliza wenyewe nani alijenga, alitumia nini, na nani amekaa humo tangu hapo. Mgeni anayekuja Tanga kutazama mambo ya kale hupelekwa mapangoni Amboni au kwenye magofu ya Tongoni, na Ngamiani anaipita akiwa ndani ya gari. Nilitaka kuona vijana wanaosomea urithi wanajifunza nini mahali ambapo urithi wenyewe bado unakaliwa, unapikiwa na kupangishwa chumba kimoja kimoja.

Anayetaka kuelewa kwa nini kazi hii ina haraka aanze na sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1886. Lililojengwa baada ya hapo halina kinga mpaka lipate tangazo rasmi la waziri mwenye dhamana. Sasa tazama tarehe za Tanga. Shule ya serikali ya Wajerumani ilifunguliwa hapa mwaka 1892. Reli ilianza kutandikwa mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Mwaka huohuo wa 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza vichipukizi elfu moja vya mkonge kutoka Florida, vikasalimika 62 tu, na hao 62 ndio wazazi wa mashamba yote yaliyokuja kuujaza mkoa huu. Ngamiani tunayoijua ilikua kwa ajili ya watu walioletwa na reli, bandari na mkonge. Karibu mtaa mzima umezaliwa upande wa pili wa ule mwaka 1886. Nyumba ambayo vizazi vitatu au vinne vimezaliwa na kuzikwa kutoka humo, mbele ya sheria bado ni changa mno kulindwa.

Basi kinachobaki ni karatasi. Mtu asipokwenda kuipima na kuiandika, siku ikibomolewa hakuna atakayeweza kusema ilikuwaje.

"Mnapima? Mnabomoa lini?"

Swali hilo tulilisikia karibu kila baraza tuliyokaribia. Katika miji yetu mgeni akija na futi, daftari na kalamu sikioni, mwenye nyumba anaiona alama ya X nyekundu ukutani kabla haijapigwa. Ama barabara inapanuliwa, ama kuna mradi. Wanafunzi wale walikuwa na barua zote zinazotakiwa, ya chuo, ya mkoa, ya wilaya, ya jiji, hadi ya mtendaji wa kata, kila moja na muhuri wake. Barua zilifungua ofisi, lakini mlango wa bibi mmoja wa barabara za katikati ulifunguliwa na mjumbe wa nyumba kumi. Mzee huyo alitutangulia, akapiga hodi, akakaa barazani bila haraka, akazungumza kwanza habari za msiba uliokuwa mtaa wa pili, halafu bei ya nazi, ndipo akasema, "Hawa wajukuu zako wanasoma. Wanataka uwaeleze nyumba hii marehemu aliijengaje."

"Shikamoo bibi," binti wa Kigoma akasema, akiinama.

"Marahaba mwanangu. Marehemu hakuijenga. Kaijenga babake. Marehemu kabadili bati tu."

Jibu hilo fupi lilifanya kazi kubwa. Fomu yao, waliyoitoa chuoni, ilikuwa na nafasi moja iliyoandikwa "mwaka wa ujenzi". Jioni ile, kwenye meza ya mgahawa waliokuwa wakilia wali, waliichora upya. Wakaweka mwaka wa kukandika, mwaka wa kupaua kwa makuti, mwaka wa kuezeka bati, mwaka wa kupiga lipu ya saruji, mwaka wa kuingiza umeme, na mbele ya kila mwaka nafasi ya kuandika nani alilipa na fedha alizipata wapi. Nyumba ya Ngamiani haina mwaka mmoja. Ilijengwa mshahara kwa mshahara, na mshahara wenyewe ulitoka gatini, relini, shambani au jikoni kwa Mzungu kule Raskazone. Ukiiandikia tarehe moja umeificha habari yake yote.

Siku iliyofuata tulirudi kwa bibi, na sasa futi ilitoka mfukoni. Nyumba ni ya vyumba sita, kama zilivyo nyingi hapa: ukumbi umenyooka katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vitatu huku, vitatu huku. Mbele kuna baraza ya saruji, imelainika kwa miaka ya kukaliwa, na upande mmoja pana kibonde kidogo walichokichimba wacheza bao. Kijana wa usanifu alitaka kuuruka ukumbi. Aliuona kama njia tu. Bibi alimsimamisha. Hapo ndipo maiti hulazwa usiku wa msiba, hapo wanawake hulala matanga, hapo mkeka wa maulidi hutandikwa, na hapo mwanawe wa tatu alizaliwa mvua ilipozuia kwenda hospitali ya Bombo. Upana wa ukumbi, futi sita na inchi nne, ni upana wa jeneza na watu wawili wanaolibeba. Sijui kama fundi aliyeujenga alipima hivyo kwa makusudi, lakini bibi anaamini hivyo, na binti wa Kigoma aliandika maneno yake kama alivyoyasema, kando ya kipimo.

Uani kuna jiko la kuni ambalo halitumiki tena, choo, mlimau, na chumba cha saba kilichoongezwa kwa matofali ya saruji. Kimepangishwa na fundi cherehani. Wapangaji wawili wengine wamechukua vyumba vya mbele. Kodi yao ndiyo inayomnunulia bibi dawa za presha.

Mafunzo niliyoyaona yakiingia sawasawa yalitoka kwa fundi. Mjumbe alituletea mzee mmoja aliyekandika nyumba za mtaa huu tangu ujana wake, mtu mwembamba mwenye vidole vilivyopinda. Alipita ukutani akigonga kwa kifundo cha kidole, taratibu, sikio limeelekea ukuta.

"Sikia. Hapa imeshika," akasema. Akasogea hatua mbili. "Hapa inalia."

Na kweli ililia, sauti ya utupu. Akaingiza ncha ya kisu chini ya ufa akabandua lipu ya saruji kipande cha ukubwa wa sinia. Nyuma yake udongo mwekundu ulikuwa umegeuka unga, na fito mbili zilikuwa zimebaki ganda tu, ndani pamejaa vichuguu vya mchwa. Kijana wa Morogoro alipima unene wa lipu ile: sentimeta tatu. Chuoni amesoma kwamba saruji juu ya ukuta wa udongo hufungia unyevu ndani. Amesoma na kufaulu mtihani wake. Lakini alikuwa hajawahi kuushika unga ule mkononi.

"Maji yakishaingia nyuma ya saruji hayana pa kutokea," mzee alimweleza. "Zamani tulikandika, tukaacha ukauke, tukatomea kwa vijiwe, tukakandika tena, ndipo chokaa. Mvua ikinyesha ukuta unalowa, jua likiwaka unakauka. Kila mwaka mwenye nyumba anapaka. Siku hizi watu hawataki kazi ya kila mwaka."

Binti aliuliza udongo unapatikana wapi, unakanyagwa siku ngapi, unatiwa nini. Mzee alijibu yote, akasahihisha mchoro wa kijana pale alipoweka papi mahali pa boriti, akaeleza kwa nini boriti za mikandaa zilikuwa haziliwi na mchwa kama miti ya siku hizi. Leo kukata mikandaa kunahitaji kibali, na ni haki iwe hivyo, kwa kuwa mikoko ndiyo mazalia ya samaki wa pwani hii. Wala matumbawe hayapaswi kuvunjwa tena baharini ili yachomwe kuwa chokaa. Hata hivyo Tanga haina shida ya chokaa. Mapango ya Amboni yenyewe yamechongwa na maji ndani ya mawe ya chokaa, na mawe ya aina hiyo ndiyo yanayokilisha kiwanda cha saruji cha Pongwe. Ukarabati wa nyumba ya udongo Ngamiani unawezekana kwa mali ya hapahapa. Kinachokosekana ni mikono. Mzee ana vijana wawili aliowafundisha, na wote wawili sasa wanapiga lipu ya saruji kwa sababu ndiko kuliko na kazi.

Nilimuuliza binti wa Kigoma, tukirudi kwa miguu, kama katika bajeti yake kuna fungu la kumlipa fundi huyu kama mwalimu. Hakukuwa nalo. Kuna fungu la karatasi, la nauli, la kupiga chapa ripoti. Alimlipa kwa fedha zake. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye mkopo hupata angalau fedha za mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo. Wa uzamili mara nyingi anajigharamia mwenyewe, ama anafadhiliwa na mradi. Matokeo yake yanaonekana wazi: anayeweza kukaa Tanga miezi miwili bila mshahara ni mtoto wa mwenye uwezo, au mtu aliyeacha kazi, au mgeni kutoka nje mwenye ufadhili. Kijana aliyezaliwa Barabara ya Tisa, anayejua tayari nani ni nani na mlango upi ufunguliwe kwa salamu ipi, hana namna ya kuifanya kazi ambayo angeifanya vizuri kuliko wote. Jambo hili linanikera kuliko saruji.

Mchana mmoja tuliondoka mjini kwa barabara ya Pangani, kwa sababu nilitaka wanafunzi wale wanionyeshe tofauti ya mahali palipolindwa. Tulipita Machui. Hapo amezikwa Shaaban Robert, aliyezaliwa jirani, Vibambani, tarehe 1 Januari 1909, na kufariki mwaka 1962. Tukasimama, tukasoma dua, tukaendelea hadi Tongoni, kilometa kama kumi na saba kusini mwa mji. Msikiti na makaburi ya Tongoni ni ya karne ya 14 na ya 15. Meli moja ya Vasco da Gama ilikwama kwenye mafungu ya ufuko huu mwaka 1498, na mwaka uliofuata alirudi akaichoma hapahapa kwa kukosa mabaharia wa kutosha. Kuna uzio, kuna mlinzi, kuna kibao. Nguzo za makaburi zimeanguka nyingi, lakini zilipolala zimelala kwa heshima, hakuna anayezigeuza msingi wa nyumba.

Binti wa Kigoma alitembea kati ya makaburi kimya kwa muda. Kisha akasema jambo ambalo nimelifikiria sana. Hapa, alisema, kazi ya mtaalamu ni kuzuia mabadiliko. Ngamiani ukizuia mabadiliko umemzuia bibi asipangishe chumba, na asipopangisha hapati dawa. Masomo yake mengi yamemwandaa kwa Tongoni. Nchi inamhitaji zaidi Ngamiani.

Siyo kwamba fikra ya kutunza mji unaokaliwa haipo. Unesco ilitoa mapendekezo yake juu ya mandhari ya miji ya kihistoria mwaka 2011, yanayotaka mji utazamwe pamoja na watu wake, biashara zao na desturi zao, badala ya kuhesabu majengo mazuri tu. Unguja wameijaribu. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na kwa miaka mingi Ng'ambo, upande wa pili ambako wengi wa wakazi wanaishi, ilionekana kama mahali pa kupita tu. Maofisa wa mipango miji wa Zanzibar na wasanifu kutoka Uholanzi wakaichora Ng'ambo mtaa kwa mtaa, pamoja na misikiti yake, viwanja vyake vya mpira, sinema zake na maskani zake, na atlasi yake ikachapishwa mwaka 2019. Ngamiani ni Ng'ambo ya Tanga. Nayo inastahili atlasi yake.

Na ina mengi ya kutia humo yasiyoshikika kwa futi. Hapa ndipo taarabu ya Tanga ilipopata sura yake miaka ya 1960 na 1970, Black Star na Lucky Star walipoingiza magitaa na kuitoa besi mbele, na sauti ya Shakila Said ikasikika redioni hadi Mombasa na Bujumbura. Jamhuri Jazz na Atomic Jazz walikuwa wa mji huu. Kabla yao palikuwa na beni, wale Marini na Arinoti walioshindana kwa sare, vyeo na bendi za shaba tangu enzi ya Mjerumani. Mzee mmoja alituonyesha nyumba yenye geti jipya la chuma akasema kikundi chao cha taarabu kilikuwa kikifanya mazoezi kwenye ua wake kila Jumanne na Alhamisi, na akina mama wa jirani walikuwa wakipika mapema siku hizo ili wawahi kukaa nje kusikiliza. Ua umejengwa, sasa ni stoo ya vinywaji. Tuliandika siku, saa, vyombo, na waliokuwa wakivipiga. Mwanafunzi akamwomba mzee aimbe. Akakataa, akasema hana koo, kisha akapiga mdundo wa bongo kwenye mkono wa kiti mpaka wapita njia wakasimama.

Watu wa nje wameiona hazina hii zamani. Mmarekani Kelly Askew alikuja Tanga kwa utafiti wa shahada yake ya uzamivu ya Harvard, akaingia katika vikundi vya muziki vya mji huu akatumbuiza navyo, na kitabu chake, Performing the Nation, kilitoka mwaka 2002. Mholanzi Gerard van de Bruinhorst aliandika tasnifu ya Utrecht, mwaka 2007, juu ya mijadala ya Waislamu wa Tanga kuhusu Idd el-Hajj na kuchinja. Ni kazi za watu waliokaa, wakajifunza lugha, wakasikiliza. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini zote mbili zimeandikwa kwa Kiingereza, na mtoto wa Ngamiani anayetaka kujua babu yake alipiga ala gani hana pa kuanzia kwa lugha yake. Mji huu huu, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ulikuwa unachapa gazeti la Kiswahili, Kiongozi, katika shule yake ya serikali. Ripoti ya mafunzo kuhusu Ngamiani ingepaswa kuandikwa kwa Kiswahili kwanza, na kama chuo kinataka Kiingereza, itafsiriwe baadaye.

Wanafunzi wale waliamua hivyo wenyewe, na pia waliamua jambo ambalo fomu ya chuo haikuwataka walifanye. Kila mchoro watoe nakala tatu Tanga: ya mwenye nyumba, ya ofisi ya kata, na ya jumba la makumbusho la Urithi lililomo ndani ya Boma la zamani, mjini. Nilikuwepo bibi alipopewa yake. Aliishika mbali na macho, akaisoma nyumba yake kutoka juu, kama anavyoiona kunguru, akaweka kidole kwenye chumba cha pili kushoto. "Hiki ndicho changu," akasema. Kisha akauliza mlimau uko wapi. Haukuwemo. Kijana akachukua kalamu akauchora palepale, duara ndogo kona ya ua, na bibi akaikubali karatasi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha somo zima. Nyumba za Ngamiani zilisalimika nusu karne kwa sababu Tanga ilisinzia. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge, kisha kamba za plastiki zikaangusha bei, mashamba yakafa, gati likapoa. Hakuna aliyekuwa na fedha ya kubomoa. Siku hizi mji umeamka. Tarehe 5 Agosti 2017 liliwekwa jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi huko Chongoleani, kilometa 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Bandari, ambayo meli zake zilikuwa zikitia nanga mbali na mizigo ikaletwa kwa matishari, imechimbwa kina na meli zinafunga gatini. Ajira imerudi na watu wa Tanga wana haki nayo, wameingoja muda mrefu. Lakini kiwanja cha Ngamiani nacho kimepanda bei, na bei ikipanda, warithi hukumbuka kwamba ni warithi.

Nyumba nyingi tulizozipita bado ziko kwa jina la marehemu. Ana wajane, ana watoto, na baadhi ya watoto nao wamekwisha kufa wakaacha wao. Mirathi ya Kiislamu inatoa mafungu yanayojulikana: mjane apate sehemu ya nane ikiwa kuna watoto, mwana wa kiume apate mara mbili ya binti. Mafungu yanagawanyika vizuri kwenye daftari la Mahakama ya Mwanzo. Vyumba sita havigawanyiki kwa watu kumi na mmoja. Msimamizi wa mirathi akibanwa, njia nyepesi ni kuuza na kugawana fedha, na anayenunua hanunui boriti na ukumbi, ananunua kiwanja cha kuweka fremu za maduka chini na ghorofa juu. Hakuna mtu mbaya katika habari hiyo. Kila mmoja anatafuta haki yake. Nyumba huanguka hivyo, na mwanafunzi wa urithi asiyejua mirathi anaweza kuichora Ngamiani nzima bila kuokoa hata mlango mmoja.

Kwa bibi hali ilikuwa hiyohiyo. Wanawe wawili wako Dar es Salaam, mmoja Muscat, mabinti watatu wako Tanga na Muheza, na wajukuu waliozaliwa na mwana aliyefariki wana fungu lao. Watatu walitaka kuuza. Kikao kilipangwa Ijumaa baada ya swala, na bibi mwenyewe ndiye aliyesema, "Hawa watoto waje na karatasi zao."

Walikuja, na walikuja na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa nyumba kama ilivyo. Ya pili waliifanyia kazi usiku kucha: vyumba viwili vya mbele vimefunguliwa barabarani kuwa fremu mbili za duka, ukumbi umebaki, vyumba vinne vimebaki, lipu ya saruji imebanduliwa na kuta kutomewa upya, chumba cha uani kimeongezewa mwenzake. Chini wakaandika makisio ya kodi kwa mwezi na ya gharama, kwa bei walizouliza dukani na kwa yule mzee fundi, ambaye naye alikuwepo, kakaa karibu na mlango na kofia yake gotini.

Mjomba mmoja alisoma makisio kwa sauti. Mwana wa Muscat alikuwa kwenye simu, spika imewekwa juu ya mkeka, akauliza fremu moja ya barabara ile inapangishwa kiasi gani hasa, siyo kwa kukisia. Fundi cherehani, mpangaji wa uani, aliitwa aseme analipa kiasi gani na kama angehamia mbele angelipa ngapi. Akataja. Pakawa na minong'ono. Binti wa Muheza akataka kujua fungu lake litatoka kila mwezi au kila mwaka, na nani atashika daftari, kwa sababu kaka yake mkubwa anajulikana. Kaka yake akacheka, akasema dada ashike mwenyewe. Wajukuu wa marehemu walisema wao bado wanataka kuuza, wana ada za shule, wakasikilizwa bila kukatwa. Msimamizi wa mirathi aliandika yote.

Basi langu lilikuwa linaondoka Kange jioni ile. Nilipoaga walikuwa wameiacha hoja ya kuuza kwa muda na wanabishana kama bati la geji thelathini litastahimili upepo wa bahari, na mzee fundi alikuwa amesimama katikati ya ukumbi akiwaonyesha kwa mikono kenchi za zamani zilivyofungwa.